Mifuko ya Mchele na Mguu wa Kaka

Mtaani watoto humwita Usipumue. Wakimwona anarudi kazini na kikapu chake, hujipanga kando ya barabara, hujaza mashavu upepo, na hawapumui mpaka afike walipo. Yeye huwatazama mmoja mmoja kwa uso wa kazi, kisha husema, "Haya, pumueni," na huo ndio utani wake wote kwa siku nzima.

Ni mke wa kaka yangu, kwa hiyo ni wifi yangu, na wifi ana haki ya kusema. Alipoolewa nilifanya kazi ya wifi kama inavyotakiwa: nilimtafuta kasoro. Nilizipata bila kutoa jasho. Hajui kupiga soga. Kichekesho lazima aelezwe, na akielezwa hacheki, anasema, "Nimeelewa." Chai yake ni maji ya moto yaliyoonyeshwa majani kwa mbali. Ukimpa habari ya mgonjwa, badala ya kusema "maskini" kama watu wengine, anauliza mgonjwa ana uzito gani.

Kazi yake ni kupiga picha za eksirei katika hospitali kubwa, chumba cha mwisho ukumbi wa chini, mlango mzito wenye taa nyekundu juu yake. Humo ndimo alimopatia jina. Kila anayelala kwenye meza yake huambiwa, "Vuta pumzi. Usipumue," halafu unasikika mlio, halafu, "Pumua." Siku moja nilimuuliza, mtu anayepigwa picha ya mguu anakatazwa kupumua kwa nini, kwani anapumulia magotini?

"Anayeshika pumzi hatikisiki," akasema, akaendelea kumenya viazi.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu karibu na kituo cha basi. Miaka kadhaa iliyopita aliingia humo na kitambaa kizito cha kaki, na nyuma yake kaka yangu amebeba mchele begani.

"Nishonee mifuko mirefu, kama mito ya mtoto mchanga," akasema. "Kisha tutie mchele, uifunge."

"Mchele wa kupika?"

"Kuna mwingine?"

Nikamwangalia kaka, naye akaniangalia kwa macho ya mtu aliyekwisha kuuliza swali hilo nyumbani na hakufika popote. Ikabidi wifi aeleze, na maelezo yake ni mazito kuliko chai yake. Hospitali ilikuwa imeanza kupiga picha za mishipa ya damu ya miguu. Daktari anaingiza dawa kwenye mshipa wa nyongani, dawa inateremka na damu, na mashine inaifuata kwa picha mpaka vidoleni, ili ionekane damu inafika wapi na inakwama wapi. Shida ni umbo la mguu. Juu ni mnene, chini ni mwembamba, na kati ya mguu na mguu kuna hewa tupu. Mionzi inayopita pajani inapungua nguvu. Inayopita kwenye kifundo inapungua kidogo tu. Inayopita hewani haizuiwi na chochote, inaifikia mashine na nguvu zake zote na kuiunguza picha. Palipoungua panakuwa peupe pee, na mshipa mwembamba ulio jirani unamezwa na weupe huo. Mashine mpya zina njia ya kujirekebisha. Ya kwao ilikuwa ya zamani.

"Mchele unazuia mionzi karibu sawa na nyama," akasema. "Nikijaza zile nafasi, mashine inaona kitu kimoja kilicho sawa toka juu mpaka chini, na picha inatulia."

"Kwa hiyo mnaidanganya mashine."

"Tunaisawazishia."

Hapo kaka yangu akapata la kusema, maana yeye ni fundi wa vigae. "Ni kama sakafu, mdogo wangu. Ukipanga vigae juu ya mashimo vitapasuka, na lawama atapewa kigae."

Nikashona. Mifuko ile ilifanya kazi kweli, nasema ukweli ingawa ni wifi yangu. Mara moja tu iliingiwa na wadudu, na mzee mmoja mezani akapiga kelele kwamba mto unatembea. Tangu hapo nikawa nabadilisha mchele kila baada ya muda, na ule wa zamani wanapewa kuku wangu, ambao hawana habari umetoka wapi.

Basi, nimesema kaka yangu ni fundi wa vigae. Kazi hiyo hufanywa kwa magoti. Tangu ujanani anajifunga vipande vya sponji magotini, anapiga magoti asubuhi kwenye ukuta wa mwisho wa chumba, na jioni anatokea mlangoni kinyumenyume ameacha sakafu nyuma ya pimamaji lake. Hupanga kigae, hukigonga kwa nyundo ya mpira, huweka sikio kusikiliza kama chini kuna uwazi. Ana kisukari pia, na kisukari kilikuwa kimeitia miguu yake ganzi. Kipande cha kigae kilimkata kidole gumba, hakusikia. Alipokiona kidonda alikiona kidogo, akakivisha soksi, akaenda kazini.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Aliendelea kuvaa soksi ndani ya nyumba, hata kitandani, akidai anasikia baridi, na mke wake anayeona mifupa ya watu kutwa nzima hakuona kilichokuwa ndani ya soksi ya mume wake. Aliyejua wa kwanza ni pua yangu, nilipokwenda kuwasalimu. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Wifi hakupiga kelele. Alimvua ile soksi polepole, akatazama kidole cheusi na vya pembeni vilivyoanza kufuata, akasema, "Vaa shati. Tunakwenda."

Daktari wa upasuaji ni mtu mpole mwenye sauti ya chini, ana tabia ya kukaa kwanza ndipo azungumze na mgonjwa. Aliugusa mguu, akatafuta mapigo juu ya unyayo, hakuyapata. Akasema vile vidole vyeusi vimekufa. Kama picha ya mishipa itaonyesha mshipa mzima karibu na kifundo, angeweza kuunga mshipa mwingine uipeleke damu huko, aokoe unyayo. Kama hakuna, mguu utakatwa, na picha ndiyo itakayosema ukatwe wapi.

Kaka yangu akasema, "Daktari, vidole chukua. Unyayo, kama ni lazima, chukua. Ila goti niachie. Mimi natembea zaidi kwa magoti kuliko kwa nyayo."

Alilisema kwa mzaha, lakini hakuna aliyecheka. Fundi wa vigae bila goti ni mtu wa kukaa kwenye kiti akiwatazama wenzake, na kaka yangu hajawahi kumaliza chakula akiwa amekaa.

Hospitalini walimwambia wifi amwachie mwenzake kazi ile. Hakukubali. Mwenzake alikuwa mgeni, mashine ni ya zamani, na yeye ndiye aliyejua hasira zake. Wahenga walishasema kinyozi hajinyoi, lakini nani angemwambia. Mimi nilikaa nje kwenye benchi, chini ya ile taa nyekundu, nikasikia "Vuta pumzi, usipumue" kupitia mlangoni, na mimi pia nikashika pumzi.

Baadaye daktari alituita wawili, mimi na wifi, kwenye chumba kidogo chenye skrini. Akakaa. Picha ilionyesha mishipa ya mapajani, myeusi, imepindapinda, imezibwa hapa na pale. Nyuma ya goti la mguu mbovu ulionekana mmoja, hafifu. Chini ya hapo palikuwa peupe.

"Chini ya goti sioni mshipa wa kulisha kidonda," daktari akasema. "Nikikata chini ya goti mahali pasipo na damu, hapatapona, nitarudi kukata tena, na safari ya pili huwa mbaya. Kwa picha hii inanipasa nikate juu ya goti."

Nilimtazama wifi nikitaka aseme kitu, alie, ashike kichwa, afanye lolote lile ambalo mke hufanya. Alikuwa ameisogelea skrini mpaka pua inakaribia kugusa kioo.

Daktari akasema, "Najua ni mumeo. Lakini sasa nakuuliza kama mpiga picha. Hii picha unaiamini?"

Ukumbini mtu alikuwa anasukuma kitanda chenye gurudumu bovu.

"Mpaka gotini naiamini," wifi akasema. "Kuanzia hapa kwenda chini siiamini. Nyama yenyewe haionekani, wala ukingo wa ngozi. Pameungua. Huu si mguu usio na mishipa, daktari. Hii ni picha mbaya, na mbaya wake ni mimi."

"Nilikuwa na wasiwasi huohuo," daktari akasema. "Nilitaka nisikie kwako." Kisha akatuambia la pili. Ile dawa inayong'arisha mishipa ni mzigo kwa figo, na figo za mwenye kisukari hazina uvumilivu. Angeweza kumpa maji ya mishipa, apumzike, kisha arudie mara moja. Mara moja tu. Ikiharibika tena, basi atakata juu.

Tulitoka tukakaa ngazini, upande wanakopita watu wa jikoni na masufuria yao. Nilikuwa na hasira na nikazitoa. Nilimwambia miaka yote hii anawapiga picha watu wa mbali na wa karibu, watu asiowajua hata majina, hajawahi kuniambia ameunguza picha ya mtu, isipokuwa ya kaka yangu. Nilimuuliza ilikuwaje.

"Nilimfunika," akasema.

"Ulimfunika nini?"

"Shuka. Wagonjwa wengine nawafunua. Nainama, natazama mifuko imekaaje, nabana hapa, nasukuma pale. Chumba kilikuwa kimejaa. Kulikuwa na wauguzi, kulikuwa na wanafunzi wa udaktari wamesimama ukutani. Nikamwona mume wangu yuko uchi mbele ya wale watoto. Nikaweka mifuko haraka, nikavuta shuka mpaka kiunoni, sikutazama tena. Na wewe unaijua miguu yake."

Naijua. Kaka yangu ana matege tangu utotoni. Mbuzi anapita katikati bila kuomba njia. Mifuko niliyoshona ilikuwa mirefu na iliyonyooka, kwa miguu ya watu walionyooka. Chini ya shuka ile, kati ya miguu ya kaka, palibaki pengo la hewa la kupitisha mkono, na kwenye vifundo hapakuwa na kitu kabisa. Mficha uchi hazai, methali ninayoijua tangu sijaanza kushika sindano, na hapo ngazini ilinijia. Nilikuwa nimejiandaa kumlaumu. Lakini utamlaumuje mke kwa kumsitiri mume wake? Ningekuwa mimi ningemfunika mpaka kichwa.

"Inuka," nikamwambia. "Twende nikampime."

Nilimpima kaka yangu kitandani wodini kwa utepe wangu wa kazi, kama ninavyopima suruali, ila safari hii nilipima nafasi iliyo nje ya mguu. Yeye alikuwa ametundikiwa maji na hana la kufanya, kwa hiyo alinichokoza.

"Mdogo wangu, usinibane sana mapajani, nimezoea kuachiwa hewa."

"Hewa yako ndiyo iliyotuponza, kaka. Nyoosha mguu."

Nilikata kitambaa kibandani siku ileile. Mfuko wa katikati niliufanya mnene usawa wa magoti na mwembamba kwenye ncha zote mbili, umbo la ndizi mbili zilizokutana ncha kwa ncha, migongo ikiwa nje. Kwa vifundo nilishona vifuko vifupi vya kuzunguka, na viwili vya kulaza juu ya unyayo. Nilitaka kuijaza mchele mpaka ikaze, ndivyo nilivyofanya siku zote, kwa sababu kitu kilichojaa hupendeza machoni. Wifi akaninyang'anya kikombe cha kuchotea.

"Usijaze. Ukijaza, mfuko utashika umbo lake. Nataka ushike umbo la mguu."

Tukaacha nafasi. Tukaibonyeza kwenye mguu wangu, kisha kwenye mguu wake, tumekaa sakafuni kati ya vipande vya kitambaa, sketi zimepandishwa, na mteja mmoja akachungulia, akasema atarudi kesho.

Siku ya picha ya pili aliniomba niingie naye nimsaidie kuipanga mifuko. Wakanivika aproni ya kuzuia mionzi, ya madini ya risasi, iliyonielemea mabega. Chumba kilikuwa na baridi, meza nyembamba, na watu walewale, wakiwemo wanafunzi ukutani. Nilidhani atawaambia watoke. Hakuwaambia. Alishika shuka akaivuta yote, akaikunja, akaiweka kwenye kiti.

"Sogeeni," akawaambia wanafunzi. "Tazameni miguu ilivyo. Mmeona pengo? Hilo ndilo linaloharibu picha."

Kaka yangu akiwa chali, ana kitambaa cha nyongani tu, akasema, "Mama watoto, leo umenitangaza."

"Tulia."

"Nimetulia. Nasema tu."

Tukaweka mfuko wa katikati, ukaingia. Tukavizungusha vile vifupi kwenye vifundo, taratibu upande wa kidonda. Wifi akainama mpaka macho yake yakawa usawa wa meza, akatazama kati ya miguu kama unavyotazama chini ya mlango kuona kama kuna mwanga. Akapenyeza kidole, akakuta uwazi, akausukumia mchele kwa kiganja. Akainama tena upande wa pili. Hakuna aliyemharakisha. Daktari alikuwa amesimama na sindano yake ya dawa akingoja.

Tukaingia nyuma ya kioo. "Vuta pumzi," akasema kwenye kipaza sauti. "Usipumue."

Dawa ikateremka. Kwenye skrini ulionekana uzi mweusi unashuka pajani, unasita, unapita kwa njia za pembeni, unafika gotini. Nilijua ule weupe uko wapi, nikangoja unimwagikie. Haukuja. Mguu wote ulionekana wa kijivu kimoja, ukingo wa ngozi uko wazi, mifupa iko wazi, na ule uzi ukapita goti ukaendelea kushuka, ukatoa matawi kwenye nyama ya shavu la mguu, matawi mengi, membamba. Nikamshika wifi mkono. Kisha uzi ukapungua. Katikati ya muundi ukaisha. Tulingoja. Chini ya hapo kila kitu kilionekana vizuri, mifupa ya kifundo, mifupa ya unyayo, hata vidole, na hakuna tone la dawa lililofika.

Wifi alikuwa anatazama hapo mwisho, pale uzi ulipokomea, na hakuondoa macho.

"Mama," daktari akasema kwa upole, "mruhusu apumue."

Kaka yangu mezani alikuwa ametumbua macho, mashavu yamejaa. "Pumua," wifi akasema. Hakusikika, akarudia.

Daktari akakaa ndipo akasema. Unyayo hauna mshipa wa kuungia, hakuna la kufanya. Lakini chini ya goti damu ipo, na ipo ya kutosha kuponya. Atakata chini ya goti. Picha ya kwanza ingemfanya amkate pajani. Akamuuliza wifi kama angependa daktari ndiye amweleze mgonjwa, wifi akasema hapana.

Alimwambia mwenyewe, palepale mezani, akiwa anaondoa mifuko mmoja mmoja na kunipa.

"Mume wangu. Mguu unakatwa, kuanzia hapa." Akaweka kiganja chini ya goti. "Goti linabaki. Nimeona damu yake kwa macho yangu."

Kaka yangu alitazama dari. Alikuwa na matumaini ya unyayo, sote tulikuwa nayo, hatukuyasema tu. Machozi yakamtoka kwa pembeni yakaingia masikioni, na kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na sindano, wifi akayafuta kwa kona ya aproni yake ya risasi, ambayo haifuti kitu.

"Goti ulilihakikisha?" akauliza.

"Nimelihakikisha."

"Basi. Vigae bado nitawapangia watu."

Siku moja kabla ya upasuaji nilikwenda wodini saa ya kutazama wagonjwa. Nilimkuta wifi amekaa pembeni mwa kitanda, beseni la maji ya uvuguvugu kwenye kiti, na ule mguu mbovu mapajani mwake, kidonda kimefungwa bandeji mpya. Alikuwa anausugua unyayo kwa kitambaa. Alisugua kisigino chenye ufa wa miaka. Kisha akatoa wembe wa kukatia kucha, akaanza na kile kidole cha mwisho kilichokuwa bado na rangi, akazikata kucha, akakwangua saruji iliyogandamana pembeni mwake. Kaka yangu alikuwa amelala macho, anamtazama, hasemi neno, yeye ambaye hata mbele ya kisu alikuwa na maneno.

Nilishindwa. "Wifi," nikasema, "mguu huo kesho unakatwa. Kucha za nini?"

"Kesho wataondoka nao," akasema, hakuinua kichwa. "Hautoki kwangu mchafu."

Akaulowanisha tena, akaufuta kati ya vidole, na vile vilivyokufa akavifuta taratibu zaidi kuliko vilivyo hai. Mimi nikaanza kulia waziwazi, mbele ya wodi nzima, mtu mzima na utepe wake shingoni.

"Nishikie beseni," akaniambia. "Na ulilie pembeni, wifi. Haya maji nayatumia."